Njema, Ila...



Lugha yetu ina adabu moja inayowatatanisha sana wageni wanaojifunza Kiswahili. Mtu akiulizwa habari, sharti kwanza ajibu kwamba ni njema. Awe ametoka mazikoni, awe na homa, awe ameachishwa kazi asubuhi ile ile, jibu lake la kwanza ni njema, au salama, au sijambo. Tulipokuwa tukiwafundisha Waingereza watu wazima katika madarasa ya jioni, kila mwaka alitokea mwanafunzi aliyeinua mkono na kuuliza: je, watu wenu hudanganyana kila kunapokucha? Tulimjibu, la hasha, bwana. Wewe una haraka, hukungoja sentensi ya pili. Kwani baada ya njema huja ila. "Habari za nyumbani?" "Njema, ila mama amelazwa." "Hamjambo?" "Hatujambo, ila mtoto hakulala usiku kucha." Njema ni heshima ya kumkaribisha muulizaji barazani, habari yenyewe hutoka pamoja na ila. Hata mgonjwa aliye taabani, jamaa zake wakiulizwa, husema "hajambo kidogo," na kila mwenye masikio huelewa hali ilivyo.

Wahariri wa jarida hili wametuomba tuandike juu ya msongo wa mawazo, maana wameona, kama tulivyoona sisi, kwamba watu wetu wengi hapa Uingereza hawalali, hawali vizuri, wanafoka ovyo majumbani, na wakiulizwa wanasema salama. Tumelifikiria jambo hili kwa muda, na maoni yetu ni haya: tulipovuka bahari tulikuja na njema, lakini ila tuliiacha bandarini.

Tuanze na neno lenyewe. Msongo umetokana na kusonga, na kila aliyewahi kushika mwiko anajua kusonga ugali ni nini: ni kugandamiza huku moto unawaka chini. Mbonyezo mmoja hausongi ugali. Kinachousonga ni mkono usiopumzika. Wazee wetu walisema pia "kusongwa na roho," na wengine husema tu "ana mawazo," bila kueleza ni mawazo gani, kwani ilifahamika kwamba mawazo yakiwa mengi tayari ni ugonjwa. Majirani zetu Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi, nao pia hulihesabu kuwa maradhi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hili ni jambo la Wazungu. Walichofanya Wazungu ni kulipima.

Mwaka 1915 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, sukari huongezeka katika damu, damu huelekezwa kwenye misuli, na tumbo huacha kwa muda kazi yake ya kusaga chakula. Hali ikiendelea, tezi hizo hizo hutoa homoni nyingine iitwayo kotisoli. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, aliandika makala fupi akionyesha kwamba panya walioteswa kwa namna mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha au kwa kuchoshwa mno, walipata dalili zile zile: tezi za juu ya figo zilivimba na vidonda vikatokea tumboni. Mwili haukuuliza adui ni nani.

Maandalizi hayo yanafaa sana mtu akikutana na nyati njiani. Nyati hupita, au mtu hupanda mti, na baada ya nusu saa moyo umetulia. Lakini bahasha ya kahawia iliyoingizwa mlangoni haipiti. Inakaa mezani. Kesho ipo, keshokutwa ipo, na kila anayepita jikoni anaiona. Mwili hauna mwenendo mmoja wa nyati na mwenendo mwingine wa bahasha. Unao huo mmoja tu, nao ukiwashwa mwezi mzima bila kuzimwa, usingizi hukatika, hasira huwa karibu, kumbukumbu hudhoofu, na mtu huanza kuchoka kabla hajatoka kitandani.

Yapo mambo yanayowasonga watu wote wa nchi hii, kama kodi ya nyumba na bei ya umeme, nasi hatutayarefusha. Tuyatazame yale yetu.

La kwanza ni saa. Saa yetu ya Kiswahili ilianza kuhesabiwa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, baada yake saa moja. London mwezi Desemba jua huchomoza yapata saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Anayefanya kazi ya usiku katika bohari au katika nyumba ya wazee, akalala mchana na kutoka tena jioni, anaweza kumaliza wiki bila kuliona jua kwa macho yake. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu wanaoingiwa na huzuni nzito kila majira ya baridi mwanga unapopungua, nao hupata nafuu mwanga unaporudi. Basi mwenzako akikuambia Januari kwamba hana hamu ya kitu, usimwite mvivu. Mwambie atoke nje adhuhuri hata kwa nusu saa, hata kama ni mawingu.

Tena saa ya nyumbani inatutangulia kwa saa tatu majira ya baridi kwa walio Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar. Ndugu aliyeamka saa moja asubuhi, akanywa chai, akakumbuka ada ya shule, anapopiga simu huku ni saa kumi usiku. Simu inayolia saa kumi usiku hupasua moyo kabla haijapokewa, kwa sababu sote tunajua ni simu ya namna gani. Inapobainika ni ada tu, mtu anashukuru. Lakini adrenalini imekwisha mwagika, na usingizi haurudi.

Zamani, tulipofika nchi hii miaka ya 1990, habari zilikuja kwa barua ya ndege, ile ya karatasi nyepesi ya buluu inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha. Ilichukua wiki mbili, mara nyingine zaidi. Hatusemi zamani ilikuwa bora, maana zipo barua zilizofika mgonjwa ameshazikwa. Tunasema tu kwamba barua ilimpa mtu nafasi. Aliisoma, akaikunja, akalala, akauliza rafiki, akahesabu fedha zake, kisha akajibu. Siku hizi ujumbe wa WhatsApp unafika ukiwa bado unavua viatu, na alama mbili za buluu zinamshitaki msomaji kwamba ameusoma na amenyamaza. Fedha nazo, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, hufika kijijini kabla chai haijapoa. Baraka hiyo ni kubwa, hatuikani. Lakini imeondoa udhuru wote aliokuwa nao mtu wa ughaibuni. Hawezi tena kusema bado hajapata msafiri wa kumpa.

Na wenzetu wa Kongo wana saa mbaya kuliko hizo. Mji wa Goma ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, tulikaa na familia mbili zilizokuwa na jamaa huko. Wao waliogopa simu isiyolia. Baba wa nyumba moja alikwenda kazini kila siku ya wiki ile, akapakia masanduku, akawaitikia wasimamizi wake kwamba hajambo. Alifanya hivyo kwa sababu hakujua angelianzia wapi kumweleza mtu ambaye hajawahi kuusikia mji ule.

Hapo ndipo tunapoiona ile ila iliyopotea. Waingereza nao wana salamu isiyotaka jibu. Ukiulizwa hali ukajibu kwa kirefu, muulizaji hutazama saa. Tumejifunza desturi yao tukaiunga na nusu ya desturi yetu, tukapata salamu iliyofungwa pande zote mbili. Nyumbani tunasema njema ili wasihangaike. Kazini tunasema njema ili tusionekane wanyonge. Baina yetu wenyewe, katika harusi na hitima na ibada, tunasema njema kwa sababu kila mmoja amevaa nguo nzuri.

Wala si sisi tu tunaoficha. Tulipokuwa masomoni hapa, mama yetu mzazi aliugua miezi minne. Barua zilikuja kama kawaida, zikitaja mvua, mazao na nani kaoa. Tuliambiwa baada ya mtihani wa mwisho, na wakati huo alikuwa amekwisha zikwa. Walifanya kwa mapenzi, wakisema, tusimvuruge mtoto yuko mbali. Hatuna kinyongo nao. Wengi wao nao wametangulia. Lakini tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, kila barua iliyosema "sisi sote wazima" ilitutia wasiwasi zaidi kuliko ambayo ingesema shangazi ana homa. Mtu anayejua kwamba hufichwa, hulazimika kujihadithia mwenyewe mabaya yote. Stara ni jambo jema katika mila zetu, humfunika mtu asiaibike. Haikukusudiwa kumfunika hata akakosa pumzi.

Tumepewa ruhusa kusimulia habari ya bwana mmoja tunayemfahamu, bila kutaja jina lake. Alikuwa akifanya kazi za usiku katika bohari, na kila mwezi akipeleka nyumbani pauni 300. Saa zake zikapunguzwa kutoka usiku tano kwa wiki hadi tatu. Aliendelea kupeleka 300. Alitumia kadi ya mkopo, kisha kadi ya pili kulipia ya kwanza. Akaacha kuja katika mikutano yetu, akaacha kupokea simu, na mkewe akaanza kudhani kuna mwanamke mwingine. Usiku mmoja kifua kilimbana, jasho likamtoka, akapelekwa hospitali. Moyo ulipimwa ukaonekana mzima. Daktari akamuuliza kama ana jambo linalomsumbua, naye, kwa Kiingereza safi kabisa, akajibu kwamba kila kitu ni kizuri.

Hatimaye alimpigia dada yake mkubwa. Anasema alirudia salamu mara tatu, habari, habari, habari, kabla hajapata nguvu ya kusema: "Dada, hatujambo, ila kazi imepungua." Dada alinyamaza. Kisha akamwambia jambo ambalo hakulijua: ada ya watoto, ambayo kwa ajili yake alikuwa akijinyima, ililipwa kitambo na baba yao kwa fedha za karafuu, na sehemu kubwa ya zile 300 ilikuwa imekwenda katika saruji ya ukuta wa mjomba. Wakakubaliana 120. Mjomba alikasirika, na kwa miezi saba hakumpigia simu mpwawe. Madeni yalichukua miaka miwili kumalizika. Kwa hiyo hatusemi kwamba ukisema ila, dunia hunyooka. Lakini bwana huyu alilala usiku ule, na mkewe aliambiwa kesho yake asubuhi.

Sasa tuna neno juu ya watoto, na hapa tutaomba radhi mapema kwa ukali wetu, kwani tumefundisha kwa miaka zaidi ya thelathini na jambo hili tumeliona darasani. Katika nyumba nyingi, mtoto wa miaka kumi ndiye msomaji wa barua. Anasoma barua ya kodi, barua ya deni, barua ya uhamiaji. Anapiga simu benki akijifanya ni mama yake. Anakwenda na mama kwa daktari, anaambiwa amweleze daktari kwamba mama hulia usiku. Mtoto huyo huja shuleni akiwa mtu mzima mfupi. Hakosi adabu, hachezi, hutazama dirishani. Mwalimu asiyejua husema ana akili za kiutu uzima. Sisi tunasema amebebeshwa mzigo usiokuwa wake, na mbaya zaidi, anajifunza kupunguza maneno: mama akisema ila, mtoto haitafsiri, kwa sababu inamtia hofu. Wakalimani wapo. Ukienda kwa daktari wa huduma ya afya ya taifa, NHS, una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, wala hutozwa kitu. Omba unapopanga miadi, usingoje kufika. Mtoto abaki shule.

Kuhusu daktari kuna mengine ya kusema. Watu wetu hupeleka maradhi ya mwili, maana hayo yana heshima: kichwa, mgongo, tumbo, presha. Ni kweli dhiki huonekana mwilini. Lakini tahadhari na upande wa pili pia, wa kusingizia mawazo kila kitu. Kwa mfano, tuliamini wote kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, na panya wa Selye wangetuunga mkono. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, walimtambua bakteria anayesababisha vidonda vingi kwa binadamu, wakatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vingine vingi huletwa na dawa za maumivu kama aspirini zinazomezwa muda mrefu. Kwa hiyo tumbo lichunguzwe. Presha nayo haijulikani kwa kujihisi. Hujulikana kwa kipimo. Huku England mwenye umri wa miaka 40 na zaidi hupimwa bure katika maduka mengi ya dawa.

Daktari wa familia aghalabu ana dakika kama kumi. Ukitumia tatu kwa salamu na njema, umebaki na saba. Ushauri wetu ni kwenda na karatasi. Andika nyumbani, kwa Kiswahili ukitaka: tangu lini hulali, unaamka saa ngapi, umepungua uzito kiasi gani, umeacha mambo gani uliyoyapenda, unalia au hulii. Ukishindwa kusema, mpe karatasi mkalimani aisome. Hapa England mtu mzima aliyeandikishwa kwa daktari anaweza pia kujiandikisha mwenyewe, bila barua ya daktari, katika huduma ya mazungumzo ya tiba inayoitwa NHS Talking Therapies. Na kuandikishwa kwa daktari wa familia hakuhitaji hati ya ukaazi; wengi hawajui, na wanaugua kimyakimya kwa kuogopa kuulizwa karatasi.

Watu wengine hupata nafuu kwa dua na ibada, nasi tumo miongoni mwao. Hatuoni ugomvi kati ya msikiti au kanisa na daktari. Tunaloliona ni kwamba watu huomba dua kwa sauti juu ya visa na kwa siri juu ya huzuni.

Kuna jambo moja kutoka Harare ambalo limetupa moyo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, kwa kukosa vyumba na wauguzi, aliwafundisha akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na wenye kufungisisa. Bibi husikiliza. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote, kisha huchagua moja tu, na kwa pamoja hutafuta hatua ndogo inayowezekana kufanywa wiki hiyo. Mpango huo ulijaribiwa katika zahanati 24, kwa wagonjwa 573, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tulipoyasoma tulicheka kidogo, kwani sisi watu wa pwani tumezaliwa juu ya benchi la namna hiyo. Baraza za mawe mbele ya nyumba za Zanzibar na Lamu zilijengwa kwa kazi gani, kama si kukaa jioni na mtu asiyekuwa na haraka? Nyumba tulizopewa huku hazina baraza. Zina mlango, na ndani ya mlango kuna televisheni.

Lakini benchi si lazima liwe la mawe. Akina mama wetu wameshajua, maana wakikutana kumenya viazi vya shughuli huambiana mengi kabla sufuria halijachemka. Wanaume ndio wenye taabu. Wao hukutana na kuzungumza mpira na siasa za nyumbani hadi usiku, kila mmoja akarudi na lake. Tunapendekeza jambo dogo. Ukimuuliza mwenzako habari akasema njema, usiondoke. Ngoja kidogo. Muulize, "Na ila?" Tumelijaribu hili tangu mwezi wa Ramadhani, na ingawa wengine hudhani tunafanya mzaha wa mwalimu mzee, watu wanne wamekwisha tujibu kwa dhati.

Pale ambapo hali imezidi, yaani mtu anasema hana haja ya kuishi, au anawaaga watu bila safari, asingojewe mkutano wala karatasi. England hupigwa namba 111 na kuchagua 2 kwa mambo ya akili, wakati wowote. Samaritans wapo kwenye namba 116 123, bila malipo, usiku na mchana, Uingereza nzima. Hatari ikiwa mbele ya macho ni 999.

Anayetaka kusaidiwa kuandika ile karatasi ya kwenda nayo kwa daktari, tunakaa kwenye meza ya nyuma kila baada ya mkutano wa mwezi, hadi funguo za ukumbi zinapodaiwa. Yaandikwayo hapo huondoka na mwenyewe. Tafadhali kila mtu aje na kalamu yake, maana zetu huazimwa na hazirudi.